Kijani cha Wodi kwenye Viti vya Wageni

Mwanzoni mwa miaka ya themanini babangu alistaafu kazi ya kuchanganya dawa katika hospitali moja ya Kilifi, akarudi nyumbani kwetu Malindi na imani moja: kwamba duniani hakuna kitu kinachochanganyika ambacho yeye hawezi kukichanganya. Kwa hiyo wazee wa Mambrui walipoleta salamu kwamba watakuja kuniposa Ijumaa, hakutaka kusikia habari za fundi.

"Nimewachanganyia watu dawa wakapona," alimwambia mama. "Rangi ndiyo itanishinda?"

Mama alikuwa akiipaka nyumba ile chokaa kila Ramadhani ikikaribia, chokaa yenye chumvi ili ishike, na buluu ya kufulia kidogo ili ing'are. Alimwuliza kama rangi ya mafuta itakaa juu ya chokaa. Baba akamjibu kwamba rangi hukaa pale inapopakwa.

Alinunua madebe ya kijani, kijani kile kile cha wodi, maana kwake ndiyo ilikuwa rangi ya heshima. Akaanza na kuta. Kila brashi ilipopita, chokaa ilibanduka na kuifuata, ukuta ukabaki na mabaka kama aliyemwagikiwa uji wa moto. Akasema ukikauka utatulia. Akapaka nondo za madirisha bila kusugua kutu, akapaka milango, akapaka hata mtungi wa maji ili ulingane na nyumba. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa kutoa jasho. Wetu, ulipozibwa vinyweleo, ukayaweka maji vuguvugu.

Alipofika kwenye viti, rangi ilikuwa ukingoni. Akaizimua kwa mafuta ya taa. Hayo nayo yalipokwisha, akaingia ndani akatoka na chupa ya mafuta ya nazi.

"Bwana, hayo ni ya nywele," mama alisema.

"Mafuta ni mafuta."

Ijumaa viti vilikuwa vinang'aa ajabu.

Wageni walifika baada ya sala: wazee watatu wenye kanzu nyeupe zilizopigwa pasi, mmoja wao babake mchumba wangu, pamoja na dada yake mzee huyo, ambaye aliingia ndani akaketi nasi mkekani. Mimi nilichungulia kwenye pazia. Mkwe wangu mtarajiwa aliinama mbele apokee kahawa, akakwama ghafla kama aliyevutwa na mtu kwa nyuma. Akatabasamu. Wenzake wakajaribu, nao wakatabasamu. Kwetu mgeni hasemi kiti kina kasoro, na mwenye nyumba haulizi.

"Nyumba nzuri, mashaallah," alisema, bila kusogeza hata bega. "Mtu akiingia anakumbuka afya yake."

"Karibuni maji," baba alisema.

Mzee akanywa, akameza kwa taabu. "Maji yenu yana nguvu."

Posa ilikwenda upesi kuliko posa yoyote niliyopata kuiona. Kila walichoombwa walikubali. Kisha adhana ya alasiri ikaadhiniwa, na hakuna aliyeinuka. Wakaulizana habari za mvua. Wakaulizana habari za minazi. Zikaisha, wakarudi kwenye mvua. Mwishowe yule mama wa Mambrui akatokeza mlangoni.

"Jamani, mnakaa kitako na sala inawapita?"

"Dada yangu," kaka yake alisema kwa upole, "sisi tunataka kwenda. Viti ndivyo havijatupa ruhusa."

Dada mtu akamshika mkono, akamvuta. Pakasikika mlio kama wa plasta inayobanduliwa kwenye kidonda. Mgongoni kanzu ilikuwa na mistari ya kijani, ubao kwa ubao. Baba alikimbilia tambara akasugua, mistari ikaungana ikawa ziwa. Ndipo akatoa sandukuni makoti yake ya hospitali, na wazee wale wakaenda msikitini wamevaa kama madaktari. Jirani alikuja mbio kuuliza nani kazidiwa.

Niliolewa Mambrui hivyo hivyo. Kabla ya harusi mama alizikwangua kuta zote kwa panga, akapaka chokaa yake. Baba aliketi kivulini akimfundisha namna ya kushika brashi, na kumweleza kila aliyepita kwamba rangi za siku hizi hazina ubora, na kwamba wageni wale, watu wazuri sana, walifanya haraka kuketi.