Jina Tuliloliandika kwa Herufi Kubwa

Mwandishi yule wa Goma nilimfahamu kwenye warsha ya hadithi fupi kule Mombasa, tulipopangiwa chumba kimoja siku nne. Mimi Mtaita wa Mbololo, mwalimu wa Kiswahili. Yeye mtangazaji wa redio ndogo ya mtaani, aliyetunga hadithi za kuwacheka wakubwa wenye bunduki. Alisema "miye" na "mulikuja", nami kwa ugonjwa wangu wa ualimu nikawa namsahihisha. Akacheka. "Mwalimu, kwetu risasi haisubiri usanifu."

Vita vilipoingia mjini kwao aliniandikia kwa simu. Wapiganaji walikuwa wakiuliza mtaa kwa mtaa ni nani aliyetunga hadithi fulani iliyosomwa redioni bila jina la mtunzi. Yeye alikuwa amejificha kwa shangazi yake. Alitaka kitu kimoja tu: barua ya mwaliko kutoka chama chetu cha waandishi hapa Voi, yenye muhuri, aionyeshe kwenye vizuizi na mpakani, aonekane ana safari ya kazi.

Jumamosi tulikutana darasani kama kawaida, watu saba. Mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Mghange, aliisoma ile meseji mara mbili kisha akavua miwani.

"Barua ni ahadi," akasema. "Akifika atalala wapi? Na sisi tukiulizwa tumemleta nani?"

"Atalala kwangu," akajibu mama mmoja mwenye duka la vitambaa mjini, mtu wa asili ya pwani, mtunzi wa tenzi. "Mwenyekiti, mwenzetu ameomba karatasi. Hakuomba shamba."

Mwenyekiti akasema chama chetu ni kidogo, lakini sauti tunayo. Tuandike tamko la kusimama naye. Nikasikia darasa zima likishusha pumzi. Hata mimi nilishusha. Tamko halitaki kulazwa kwa mtu.

Kazi ya kuliandika nilipewa mimi. Nililihangaikia siku mbili na, nisiseme uongo, nilifurahia. Nilitia jina lake kamili, redio yake, hata kichwa cha ile hadithi, ili dunia ijue tunamtetea nani. Jumamosi iliyofuata tukasimama nje ya darasa na mabango ya karatasi za manila, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu. Tulipiga picha, tukaisambaza mtandaoni pamoja na tamko. Pongezi zikamiminika, toka Bomeni mpaka Nairobi, nami nikazisoma moja moja.

Yule mama alikataa kuingia kwenye picha. "Mwenyewe mmemuuliza?" akaniuliza.

"Simu yake haipatikani," nikamwambia. Sikuwa nimejaribu.

Siku ya tatu alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake mwanamke alikuwa akilia.

"Mwalimu, ile picha yenu imefika huku. Miye niliomba karatasi, hamukunipa. Jina langu sikuwaomba mulitoe."

Kuanzia hapo simu yake ikazimika kweli. Niliifuta picha, lakini ilishapita mikononi mwa wengi. Mwenyekiti akanituliza: "Usijilaumu. Wenye bunduki ni wao." Ni kweli, mimi sikushika bunduki. Walikuwa wakitafuta mtunzi asiye na jina, nami nikawaandikia jina hilo kwa Kiswahili sanifu.

Miezi ikapita. Siku moja mchana, nikisahihisha insha, namba ya Burundi ikanipigia. Alikuwa yule mwandishi, yuko kambi ya wakimbizi. Alitoroka saa ileile aliponitumia ujumbe. Daftari zake zote, kazi ya miaka, shangazi yake alizitia jikoni akazichoma. Waliokuja kumtafuta walimkosa, wakamchukua mdogo wake. Hajarudi.

"Pole," nikasema. Nikamwambia kwamba mama mmoja wa chama chetu yuko tayari kumwandikia barua hata kwa muhuri wa duka lake.

"Ya nini sasa, Mwalimu?"

"Unaandika lakini?"

"Siandiki."

Akaniuliza wanafunzi wangu hawajambo, kwa adabu ileile ya Mombasa. Adabu hiyo iliniuma kuliko matusi. Kisha laini ikakatika, au aliikata, sijui. Nilipopiga tena haikushikwa.

Jioni niliteremka dukani kwa yule mama nikamweleza yote, hata ule uongo wangu wa simu. Alikuwa akimpimia mteja kitambaa cha buibui. Hakunigombeza. Mteja alipoondoka akaniuliza:

"Huyo mdogo wake ni nani jina lake? Nataka kumwombea dua."

Sikuwa nimeuliza.