Mringaringa wa mzee wa Uru

Leo nimekula msibani, na mpaka sasa natamani nisingekula.

Kazi yangu ni kutafuta miti mama, ile iliyonyooka na inayokua haraka, ili tuchukue mbegu.
Mringaringa mzuri kuliko yote niliyoiona ulikuwa kwenye kihamba, shamba la nyumbani, cha mzee mmoja kule Uru. Nimesubiri miaka sita uzae.

Leo tumemzika mzee.
Na nikiri tu, mfukoni nilikuwa na kiroba kitupu cha mbegu.

Baada ya kula nikamwendea mjane. Shikamoo mama, pole sana. Ule mti uko wapi?

"Ulizuia turubai la msiba lisifungwe, mwanangu. Vijana wakaukata juzi, na mbegu zake juu. Matawi ndiyo kuni zilizopika huo wali."

Nikaangalia sahani. Nilikuwa nimeimaliza.

Kama babu yako ana mringaringa ulionyooka, niambie leo. Akiwa bado hai.