Anayewashikia Wenzake

Katika nyumba moja ya wageni nje kidogo ya mji wa Ifakara, waajiriwa ni saba, na kila mmoja ana siku zake ishirini na nane za likizo kwa mwaka. Wa nane ni Justa, na huyu hana siku zake. Kazi yake ni kushika nafasi ya anayekwenda likizo: mwezi huu anafua badala ya Kandida, mwezi ujao anapika badala ya Rabia, kisha analinda geti badala ya mzee Abdulkarim. Wanamwita deiwaka, naye anaitika.

Hata daftari la mahudhurio lilikuwa halimjui. Asubuhi alisaini mbele ya jina la aliye likizo, kwa kuwa mstari wa kwake haukuwepo. Miaka sita kafagia korido ile, na ungelifungua daftari lote usingemkuta hata mara moja. Mwingine angekwishageuza meza zamani, lakini Justa si mtu wa kugeuza meza.

Masika ya mwaka juzi alikuwa akimshikia Kandida, aliyekwenda Mahenge kumwona mama yake. Siku ya tatu ikaja simu kutoka Masagati: mama yake Justa amefariki. Akaomba ruhusa. Msimamizi, Hermenegildi, akamuuliza nani atafua mashuka ya wageni, na Justa akarudi kufua. Mama akazikwa bila mtoto wake wa pekee. Jambo hilo lilimuuma, na linamuuma hadi leo.

Baada ya arobaini akaanza kusikia ufagio. Ilikuwa saa nane mchana, saa ya joto, wageni wametoka, naye yuko jikoni akichambua mchele. Kwenye korido mtu akafagia mara tatu, kisha kimya. Mara tatu tena, kisha kimya. Justa alilijua bega lile. Mama yake aliteguka bega akipura mpunga, na tangu hapo hakuweza kufagia zaidi ya mara tatu bila kupumzika. Alipochungulia hapakuwa na mtu, na sakafu ilikuwa safi hadi katikati.

Ikawa hivyo kila siku ya kazi. Hakumwambia mtu, maana maneno yana miguu, lakini moyoni alijua mama anadai nini. Katika ukoo wao, mtoto hufagia kaburi la mzazi kwa mkono wake kabla halijasimikwa msalaba mwaka ukitimia. Asipofagia, mzazi hana pa kupumzikia. Mwaka ulikuwa unakaribia kutimia.

Aliyemfumbua macho ni mzee Abdulkarim, aliyewahi kuwa kibarua wa mashamba ya miwa huko Kidatu na kujifunza sheria kwa kuumia. Alimweleza kwamba kibarua anayeitwa mara kwa mara na mwajiri mmoja, vipande vyake vya kazi vikijumlishwa vikazidi miezi sita ndani ya mwaka, naye ana likizo yenye malipo kama wenzake.

"Likizo saba unazishika, binti yangu," alisema. "Jumlisha mwenyewe."

Justa akajumlisha, akaenda ofisini, akatoa shikamoo. Hermenegildi si mtu mbaya, ni mtu wa makaratasi tu. Alifungua daftari, akalitafuta jina, hakuliona. Akacheka kidogo, bila kukusudia ubaya.

"Dada Justa, wewe nitakupaje likizo? Wewe ndiye likizo ya wenzako."

Neno hilo lilimchoma hadi akapata ulimi. Akataka wote saba waitwe, waulizwe ni nani anayesaini mistari yao wakiwa hawapo. Waliitwa, na wote wakasema ni Justa, Kandida akisema huku analia. Basi Hermenegildi akachora mstari wa nane, akaandika jina lake, akampa siku kumi za kuanzia. Lakini kazi haiwezi kulala, akasema. Atafute wa kumshikia.

Justa akajibu kwamba ameshampata. Ulikuwa uongo mtupu. Hakuwa na ndugu Ifakara, wala rafiki asiye na kibarua chake. Alipotoka alisimama kwenye korido tupu, akanong'ona, "Mama, sina mtu," akaenda zake stesheni kupanda treni ya Mlimba.

Kutoka Mlimba alipanda bodaboda hadi Masagati, njia nzima akijua kuwa akirudi hana kazi. Alilifagia kaburi, akang'oa magugu, akasimika msalaba, akaomba radhi kwa sauti. Kisha akangoja asikie chochote. Hakusikia. Kaburi lilikuwa kimya kama nyumba ambayo mwenyewe katoka. Siku zote alizokaa kule ilikuwa hivyo, naye akajipa moyo kwamba huko ndiko kupumzika.

Siku ya kumi na moja aliingia ofisini, tayari kufukuzwa. Hermenegildi akamkaribisha kwa tabasamu, akamshukuru kwa yule mama aliyemtuma. Mtu mzima, alisema, haongei, chakula hagusi, lakini korido haijawahi kung'aa vile. Ila ana bega bovu, akifagia kidogo anapumzika. Jina hakulitaja, na kuandika hajui.

Justa akaomba daftari. Mstari wa nane ulikuwa na misalaba kumi, mmoja kwa kila siku, na kila mmoja mkono wake wa kulia umeinama kidogo. Ndivyo mama yake alivyokuwa akitia sahihi kwenye kitabu cha ushirika wa mpunga.

Akaketi sakafuni, akalia. Alikwenda kumpumzisha, kumbe ndiye aliyemwamsha. Mwanamke aliyelima mpunga maisha yake yote bila siku moja ya kwake, hata kifo hakikumpa likizo, kwa sababu mwanawe alisema hana mtu.

"Anaitwa Eveline," alisema alipoweza kusema. "Nipe kalamu."

Akaliandika jina hilo chini ya lake, mstari wa tisa. Kwenye nafasi ya siku ile akaandika: likizo. Ya kesho: likizo. Hermenegildi alitaka kumzuia, akamtazama usoni, akaacha. Justa akafunua ukurasa baada ya ukurasa, akiandika neno lile lile hadi daftari likaisha, kisha akaomba apewe la mwakani.