Kwaya Yetu Ilivyopata Malazi kwa Bi Mwajuma

Enzi zetu, Waingereza wakiwa bado wanatutawala, mtoto wa Sikonge akiambiwa atapanda basi kwenda Tabora mjini, usingizi ulimpaa wiki nzima. Ndivyo nilivyokuwa mwaka ule kwaya ya shule yetu ilipoitwa kwenye mashindano. Mama alinifungia michembe ya viazi vitamu na karanga kwenye kitambaa, akanipaka mafuta mpaka shingoni, akanisindikiza hadi kwenye basi. "Kalunde," akasema, "huo mdomo wako uache hapa hapa." Mwalimu Mihayo, kiongozi wa kwaya, akaitikia kwa kichwa. Alishanichapa sana kwa kujibu wakubwa, na safari ile nusura aniache.

Yeye ndiye aliyepanga kila kitu. Chakula tungebeba wenyewe, basi lingetushusha stendi, na tungelala bure kwenye nyumba ya wageni ya kanisa. Tuliimba njia nzima huku vumbi likituingia mdomoni, kibuyu cha asali tulichobeba kutoka nyumbani tukikipakata kwa zamu. Kufika, nyumba ile imejaa wanakwaya wa shule nyingine hadi barazani! Nyumba za kulipia hatukuziweza. Mwalimu akavua kofia, akatuambia kwamba tusipopata pa kulala kabla basi halijageuza, tutarudi nalo. Mashindano yalikuwa kesho yake asubuhi. Sisi wasichana tukaanza kulia, sioni haya kusema.

Utingo wa basi akatuhurumia. Akasema mtaa wa Ng'ambo yuko Bi Mwajuma, Mzaramo, mke wa fundi cherehani, mwenye nyumba yenye uwanja mkubwa. "Na nyie Wanyamwezi si watani wao?"

Njiani mwalimu akatuonya: adabu mbele, na hata tukitukanwa tunyamaze. Tukapiga magoti mlangoni, tukatoa shikamoo kwa sauti moja. Bi Mwajuma, mwanamke wa miraba minne, akatutazama juu hadi chini.

"Shikamoo zenu pelekeni huko! Wabeba mizigo wakubwa! Mmekuja kunimalizia maji ya mtungi?"

Mwalimu akatabasamu kwa shida. "Samahani, mama."

"Samahani? Mnyamwezi gani anamwomba Mzaramo samahani? Nyie si watani zangu. Nendeni zenu!" Akaushika mlango aufunge.

Mwalimu alikuwa mtu wa kanisa sana, hakuweza kumtukana mwanamke mbele ya wanafunzi wake. Nami nilisikia honi ya basi kutoka stendi. Nikasimama.

"Funga tu!" nikapaza sauti. "Bila mabega ya babu zetu, nyie Wazaramo mpaka leo mngekuwa mmekaa Pwani mnalinda nazi! Nani angewafikisha Tabora, na uvivu huo?"

Wenzangu wakashika vichwa. Bi Mwajuma akauachia mlango, akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyu ndiye Mnyamwezi! Ingieni, wezi wakubwa!" Akampokonya mwalimu kofia, akajivika juu ya mtandio, na kibuyu cha asali nacho akakitwaa. Mtani ameshachukua, utasema nini?

Jioni ile tulikula ubwabwa na maharage hadi tukalegea. Mumewe alitushonea vifungo vilivyokatika, nasi tukatandikiwa mikeka kila chumba. Asubuhi tukaimba, jamani, tukaimba! Bi Mwajuma alikaa mstari wa mbele na kofia ya mwalimu kichwani, akipiga vigelegele na kutuonyesha kwa watu: "Hao wabeba mizigo wangu!" Tulipotangazwa washindi, yeye ndiye aliyelia kuliko wote.

Kwenye basi la kurudi, mwalimu, kichwa wazi na kikombe mapajani, aliniita mbele ya kwaya nzima. "Kalunde," akasema, "huo mdomo usiuache tena nyumbani." Hakunichapa tena mpaka namaliza shule.

Leo wajukuu zangu wakitaka kulala mjini wanabonyeza simu, wanachagua kitanda kwa picha, kisha wanakasirika kwamba mtandao unasuasua. Wanapokelewa kwa heshima na mtu ambaye hata jina lake hawalijui, na asubuhi wanaondoka hivyo hivyo. Ninapowaambia kwamba bibi yao aliwahi kuilaza kwaya nzima kwa tusi moja, wanatazamana, wanasema bibi ameanza kuzeeka.