Kitambaa cha Mama, Juani

Simu zilipoua studio yake, Mama Picha alirudi nyumbani na maboksi ya karatasi za kuchapia picha kwenye chumba cha giza, ambazo hakuna aliyezitaka. Hakuyagusa mpaka mdogo wake alipopiga simu.

"Dada, Jumapili nakuja kuchukua kile kitambaa cha mama."

Marehemu mama yao alikifuma kwa mkono, maua matupu, macho yake yakiwa yameshaanza kufifia. Ua moja la pembeni lilikwenda kombo. Kitambaa kimoja, mabinti wawili. Mama Picha akaona amnasie mdogo wake maua yale kwa jua. Alikilaza juu ya karatasi moja ya studio, ambayo hugeuka rangi popote jua linapoipiga, akakigandamiza kwa kioo cha dirisha, akakianika uani.

Karatasi ikageuka waridi, kisha zambarau iliyokolea kama bilinganya. Alipoinua kioo, maua yalikuwepo, meupe, hata lile la kombo. Akapiga kigelegele peke yake.

Lakini picha ya namna hiyo isipotiwa dawa ya kuidumisha huendelea kuungua kwa mwanga mpaka inakuwa giza. Akaitumbukiza kwenye dawa. Zambarau ikayeyuka akiiona, ikabaki rangi ya chai ya mgonjwa.

Akarudia. Upepo ukasogeza kitambaa, maua yakatoka mapacha. Akarudia tena, safari hii mumewe akafunua kioo achungulie.

"Baba watoto, hiyo si sufuria!"

"Samahani, mama. Lakini si ungepiga tu na simu?"

Alimtazama, mume akaingia ndani mwenyewe.

Jumamosi aliiacha karatasi nyingine juani kutwa, dawa akaizimua kwa maji. Ikatoka kahawia, hafifu, ila kila uzi ulisomeka.

Jumapili mdogo wake alifika, akaigeuzageuza picha. "Nzuri, dada. Basi wewe baki nayo." Akakunja kitambaa, akakitia mkobani.

"Nimekutengenezea wewe!"

"Mama nilimuuguza mimi. Wewe ulikuwa studio."

Neno lile lilimchoma Mama Picha, kwa sababu lilikuwa la kweli. Mdogo wake alipoondoka, alimwaga dawa chooni na kusugua beseni kana kwamba ndilo lililomkosea.

Picha aliitia kabatini, chini ya mashuka. Wiki zikapita bila dada kumpigia mdogo mtu. Mwishowe mumewe ndiye aliyempigia shemeji yake, akampa mkewe simu mkononi, akatoka nje.