Pete ya Pampu ya Kidete

Letisia alikuwa amekereza vyuma mjini Kilosa kwa miaka kumi na tisa, na hakukumbuka kitu kilichowahi kumchosha kama ile pete ya shaba. Ilikuwa pana kama mdomo wa kikombe, lakini ukuta wake haukufika unene wa sarafu mbili. Mzee Urbanus, mwenyekiti wa kamati ya maji ya Kidete, aliileta ya zamani ikiwa imelika, akataka nyingine kama hiyo. Pampu ya kijiji ilikuwa imesimama siku ya tisa. Watu walikuwa wanateka maji ya mto Mkondoa, na watoto walikuwa wanaharisha.

Pete ya kwanza Letisia aliibana kwenye taya tatu za mashine ya kukerezea, akaikereza ndani. Ikiwa bado imebanwa, kipimo kilionyesha duara safi. Alipolegeza, shaba ikajirudi, ikatanuka mahali patatu, palepale taya zilipoishika.

Alfred, mwenye karakana, aliirithi kwa baba yake na hakuwahi kukereza hata bolti. Alisema pete haikukazwa vya kutosha. Letisia akamweleza kwamba kukaza ndiko kunakoiharibu. Alfred akarudia yaleyale, safari hii kwa sauti kubwa zaidi. Kwa kuchoka kubishana, Letisia akaikaza ya pili, nayo ikatoka mbaya kuliko ya kwanza. Alfred akasema shaba ni feki.

Ya tatu aliibana kidogo tu. Ikachomoka mashine ikizunguka, ikagonga ukuta, ikapinda. Sasa kilibaki kipande kimoja cha shaba.

Letisia akaomba saa mbili atengeneze kishikio. Alfred akakataa, akasema mteja anasubiri.

"Bosi, mteja anasubiri tangu asubuhi kwa sababu nakusikiliza wewe."

Mzee Urbanus, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, akasema polepole kwamba yeye angengoja hata mpaka kesho, mradi aondoke na pete inayoingia.

Letisia hakungoja ruhusa tena. Alichukua kipande cha bomba nene, akakitoboa kwa kipimo cha pete, kisha akakipasua upande mmoja kwa msumeno. Akaiweka pete ya nne, ya ile shaba iliyobaki, ndani ya bomba, na bomba ndani ya taya. Taya zilipobana, bomba lilijifumba na kuikumbatia pete pande zote sawasawa. Alikereza taratibu, akalegeza, akapima mara nne. Duara halikubadilika.

Alfred mwenyewe akampa mzee pete, akimweleza kwamba vitu vyembamba havitaki kukazwa sana.

"Asante, baba," mzee akamjibu, kisha akamgeukia Letisia. "Na wewe, mama, Mungu akubariki."

"Amina. Safari njema, mzee."

Letisia alimsindikiza hadi kwenye bodaboda, akaenda kwa mama ntilie kunywa chai bila kumuaga mtu. Kesho yake Urbanus alipiga simu. Maji yalikuwa yanatoka.