Chupa Safi za Mvumbuzi

Juma lililopita tuliletewa hapa Newala maonyesho ya maisha ya Mzungu aliyevumbua taa ya umeme. Taa yenyewe iliwaka mezani kwa betri. Karani wa maonyesho akatuonyesha picha ya chumba cha majaribio, chupa zinang'aa kila mahali.

"Alishinda na kukesha humu, hatoki."

Mama mmoja, aliyeacha debe lake la maji mlangoni, akaisogelea picha.

"Mwanangu, chupa zote hizi huoshwa. Nani alimteremkia bondeni kuchota maji?"

"Kwao, mama, maji huja yenyewe mpaka ndani, kwa bomba."

Mama akazitazama kuta zote.

"Na aliyevumbua hilo bomba, picha yake iko wapi?"

Sote tukageuka kuitafuta, karani akiwa mbele. Taa ikabaki inajiwakia peke yake.